Boti ya Mjane na Bei ya Haki





Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, baada ya Misa na hata katika misiba, habari za boti ya parokia. Mnauliza kwa nini tumenunua iliyokwisha kutumika wala si mpya, kwa nini haina kasi, na kwa nini tumelipa zaidi ya bei aliyoitaja mwenye mali. Swali hilo la mwisho ndilo lililozungumzwa sana mwaloni na sokoni, na wapo waliosema kwamba paroko hajui biashara. Nimeona vema tafakari ya juma hili iwe juu ya jambo hilo, maana Injili tuliyoisikia katika Mathayo sura ya 13, ya hazina iliyofichika shambani na ya lulu ya thamani, ni Injili ya watu wanaonunua.

Kwanza niwakumbushe haja yenyewe wale walioko mbali. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli, yaani Kigongo hadi Busisi, lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, mtu wa Geita anafika Mwanza bila kusubiri kivuko. Twamshukuru Mungu. Lakini daraja hilo haliwafikii ndugu zetu wa visiwani. Huko padre hufika kwa kuomba nafasi katika mitumbwi ya abiria au ya wavuvi wa dagaa. Huondoka inapoondoka na kurudi inaporudi. Mwaka jana mzee mmoja wa kigango cha kisiwani alifariki dunia akiwa amemwita padre kwa siku mbili. Siku ya kwanza upepo ulikuwa mkali, na siku ya pili mitumbwi yote ilikuwa imekwenda kuvua. Alikufa bila Mpako wa Wagonjwa na bila Komunyo ya safari. Baada ya mazishi yake Halmashauri ya Walei iliamua kwamba parokia itafute chombo chake yenyewe.

Michango ilikusanywa kwa miezi tisa. Jumuiya Ndogo Ndogo zilitoa, wachimbaji wadogo walitoa, WAWATA waliuza vitumbua na mikeka, na kisiwa kimoja kilileta ndoo za dagaa ambazo tuliziuza mnadani. Zilipatikana shilingi milioni sita na laki tano. Nawaomba mkumbuke kiasi hicho, na mkumbuke zilikotoka, maana ndizo zilizofanya uamuzi wetu uwe mgumu.

Chombo tulichokusudia kilikuwa kidogo, kiasi cha mita saba, cha mwendo wa polepole, kinachoweza kupandishwa juu ya trela na kuvutwa na gari letu la parokia. Kwa ziwa letu hili, chombo cha kubebwa nchi kavu si jambo geni. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyokatwa vipandevipande na kubebwa mabegani na wapagazi mpaka Kageye, ambako leo ni wilaya ya Magu; mwezi Machi 1875 iliunganishwa na kushushwa ziwani. Miaka michache baadaye, mwaka 1878, Mapadri Weupe nao walitembea njia hiyo ya miguu kutoka pwani, na mwezi Februari 1879 Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walivuka kutoka Kageye hadi Kigungu, karibu na Entebbe, kwa chombo kidogo. Wapagazi wale wengi hatuyajui majina yao. Lakini pasipo mabega yao Stanley asingalizunguka ziwa.

Sisi tunalo trela badala ya mabega, na sababu zake ni tatu. Nyumba ya mapadre iko mbali na maji, na injini inayolala mwaloni mara nyingi haiamki na mwenyewe. Wizi wa injini ni msiba unaojulikana na kila mvuvi. Tena vigango vyetu viko katika ghuba mbili, na kuzunguka kwa maji kutoka ghuba moja hadi nyingine ni safari ndefu na ya hatari kuliko kuvuta chombo kwa barabara. Zaidi ya hayo ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja. Mwaka 2020 lilipanda hadi kuvuka kiwango cha mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena zaidi, likameza mialo, miti na vibanda. Mwenye trela huhama na maji.

Kuhusu mwendo, vijana wa VIWAWA walinilalamikia sana. Walitaka boti ya kasi, ile inayoinua omo juu na kuacha povu nyuma. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa na fundi. Chombo kinachopasua maji bila kuyapanda hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kadiri kinavyoongeza mwendo wimbi hilo hurefuka, mpaka linalingana na urefu wa chombo. Hapo omo hukaa juu ya wimbi moja na tezi hukaa juu ya jingine, na chombo huwa kama mtu aliyekaa bondeni. Akitaka kwenda kasi zaidi sharti apande kilima alichojichimbia mwenyewe, na kilima hicho hupandwa kwa petroli. Kwa chombo cha mita saba mpaka huo ni kama kilomita 12 kwa saa. Injini ndogo, isiyofunguliwa yote, hukifikisha karibu na hapo kwa lita chache tu. Injini kubwa ya nguvu za farasi 40 ikifunguliwa yote inaweza kunywa lita 15 kwa saa na zaidi. Nikawauliza vijana: ni nani atakayenunua petroli hiyo kila juma, mwaka hata mwaka? Tukinunua kasi leo, mwezi wa tatu boti italala kwa kukosa mafuta, na mgonjwa wa kisiwani atarudi kusubiri mtumbwi wa dagaa.

Mwenda pole hajikwai, lakini sharti aijue saa ya kuondoka. Mvua za radi za ziwa hili hupenda kuja usiku na alfajiri, na miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Mwenye chombo cha polepole hawezi kuikimbia tufani; hana budi kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kutazama mawingu, na kukubali kubaki nchi kavu. Kukubali huko ni sehemu ya utii wa padre wa visiwani.

Na kwa nini kilichotumika? Kwa sababu ya fedha, bila shaka. Lakini pia kwa sababu kutumika si aibu. Watu wa Kigoma wanaifahamu meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Ziwa Tanganyika, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue, baada ya kuzipaka injini zake grisi. Ilikaa chini ya maji mpaka mwaka 1924 ilipoinuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, ikabeba watu kwa miongo mingi. Chombo cha zamani kilichotunzwa kwa uaminifu chaweza kuwa salama kuliko kipya kilichojengwa kwa pupa. Kinachotakiwa ni kuujua ukweli wake, na ukweli wa chombo kilichotumika uko chini, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Tulikwenda kuangalia vyombo vitatu, pamoja na fundi mzee wa mitumbwi, Mkristo wa parokia yetu. Nitawasimulia yote, maana kila kimoja kilikuwa na somo lake.

Cha kwanza kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya buluu iliyong'aa, na mwenyewe alikisifu kwa maneno mengi. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi hakujibu neno. Alishika nyundo kwa upande wa mpini, akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kutoka omo kwenda tezi, akisikiliza. Ubao mzima hulia kama mlango mgumu; ubao uliooza hunyamaza. Alipofika karibu na mkuku, pale maji ya mvua yanapokaa, sauti ilikufa. Akachomeka ncha ya kisu, nayo ikaingia bila kusukumwa. Chini ya rangi mpya palikuwa na ubao laini kama mhogo uliochemshwa, na misumari iliyoliwa na kutu. Yule ndugu alituambia kwamba kila mtu huuza hivyo, na kwamba mnunuzi ana macho yake.

Hapa Kanisa lina neno la kusema. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, anajadili kununua na kuuza kwa makini kabisa. Anasema kama kasoro inaonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei imepunguzwa inavyostahili, muuzaji hana lazima ya kuitangaza. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anapaswa kuisema. Akinyamaza, mauzo yake si halali mbele ya Mungu, naye hana budi kumfidia aliyeumia. Ndugu zangu, gari bovu husimama njiani, na abiria hushuka wakatembea. Mashua mbovu haina pa kushukia. Mwenye kupaka rangi juu ya ubao uliooza anauza hatari ya kifo cha watu asiowajua. Kama yupo kati yetu mwenye chombo cha namna hiyo, au bajaji isiyo na breki, au ngazi ya shimo la dhahabu iliyokwisha kuoza, na anafikiri kwamba macho ya mnunuzi yatamwondolea dhambi, nampa neno hilo la Mtakatifu Tomaso alitafakari kabla ya kuungama.

Cha pili kilikuwa cha faiba na kilikuwa kizima. Tulibonyeza kila mahali; tuliinua mguu wa injini kwa nguvu tukitazama kama ubao wa nyuma unaoibeba unapinda, maana katika boti za faiba ubao huo huoza ndani kwa ndani, na nje huonekana mzima. Haukupinda. Injini iliwaka ikiwa baridi, ikatema maji ya kupoozea kama ipasavyo, na oili ya gia haikuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji hayajaingia. Bei ilikuwa nafuu. Wanahalmashauri walikuwa tayari wanatabasamu. Kisha fundi akainama kuisoma namba ya injini, akakuta imesuguliwa kwa tupa. Tuliulizia karatasi, tukaambiwa zilipotea. Tuliaga, tukaondoka. Kuna mvuvi mahali fulani katika ziwa hili aliyeamka asubuhi akakuta mtumbwi wake hauna injini, na watoto wake wakalala njaa. Hatuwezi kumpeleka Yesu wa Ekaristi kwa wavuvi kwa injini aliyoibiwa mvuvi.

Sasa chombo cha tatu. Mjane mmoja, ambaye sitamtaja wala sitasema anakaa wapi, alikuwa na boti ya faiba ya mita saba, injini ya nguvu za farasi 15, na trela yenye magurudumu mawili. Marehemu mume wake alikuwa mchimbaji mdogo. Mwaka aliojaliwa kupata dhahabu hakununua gari wala kuoa mke wa pili, alinunua boti ili aache shimo. Aliitumia miaka michache, akaugua, akafariki. Boti ilikaa chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Fundi aliikagua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alikuta beringi za trela zimeshika kutu, matairi yamepasuka kwa jua, na mipira ya mafuta imekauka. Boti yenyewe na injini vilikuwa vizuri kabisa. Haikuwahi kuonja maji ya chumvi. Maji baridi ya ziwa letu huihurumia injini kuliko bahari. Karatasi zote zilikuwapo, ndani ya Biblia ya marehemu.

Tukamwuliza bei. Akasema milioni nne na nusu.

Fundi alinitazama, nami nikamwelewa. Tulipofika parokiani alisema chombo kile, pamoja na kasoro za trela, ni cha milioni tisa. Nilimwomba fundi mwingine wa mwalo tofauti, asiyejua jibu la kwanza, akaseme naye. Alisema milioni nane na nusu.

Kikao cha Halmashauri jioni ile kilikuwa kirefu. Mtunza hazina wetu, mtu mwadilifu ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi mia ya parokia, alisimama akasema: "Baba Paroko, hela hii nimeitunza kidogo kidogo. Mwenye mali ametaja bei kwa kinywa chake. Hatukumlazimisha wala hatukumdanganya. Tukimpa zaidi, tunatoa sadaka ya watu bila ruhusa yao. Na waliotoa ni maskini pia." Wengi walitikisa vichwa kukubali. Nami nawaambia hoja hiyo si nyepesi. Fedha ya vitumbua na ya ndoo za dagaa si ya paroko kuifanyia ukarimu.

Kisha mama mmoja wa WAWATA aliomba nafasi. Akasema: "Baba, yule mama hakutaja bei ya boti. Alitaja bei ya ada ya shule na deni la dukani. Nimekaa naye jikoni mlipokuwa mnagonga trela. Shemeji yake amemwambia auze upesi kabla mwezi haujaisha." Kikao kikanyamaza kidogo.

Hapo katekista mmoja kijana akaleta Injili. Aliuliza, na aliuliza kwa moyo safi: mtu yule wa Mathayo 13, alipoiona hazina shambani, je, hakuificha kwanza ndipo akaenda kulinunua shamba? Mbona Yesu hamlaumu? Basi sisi nasi, tuliojua thamani ambayo mwenye mali haijui, tunakosa nini?

Ni swali zuri, nami naamini wengi wenu mmewahi kulifikiria. Mifano ya Bwana haitufundishi kila kitendo cha watu waliomo. Kuna wakili asiye mwaminifu, kuna hakimu dhalimu, na hata siku ya Bwana imefananishwa na ujio wa mwizi. Wala hakuna anayetuambia tuwe wezi. Mfano wa hazina unafundisha jambo moja: Ufalme wa Mungu unastahili vyote ulivyo navyo. Na tazameni, mtu yule hakupata kitu kwa bei ya kutupa. Aliuza vyote alivyokuwa navyo. Mfanyabiashara wa lulu naye alifanya vivyo hivyo. Katika mifano yote miwili mnunuzi ndiye anayebaki mikono mitupu isipokuwa kwa kile alichokitafuta. Kuitumia Injili hiyo ili sisi tubaki na milioni nne mfukoni na mjane abaki na hasara ni kuigeuza kichwa chini.

Tena Mtakatifu Tomaso, katika swali lilelile la 77, hakumgeukia muuzaji peke yake. Anasema kama muuzaji, kwa kutojua, anauza kitu kwa thamani ya chini kuliko ilivyo, kama mtu anayeuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akalijua hilo, basi mnunuzi ndiye anayetenda udhalimu, naye anapaswa kurudisha. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamchora mnunuzi anayekilaumu kitu wakati wa kupatana bei, kisha akaenda zake akijisifu. Na kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinawaamuru wauzaji na wanunuzi kwa pamoja wasidhulumiane.

Ndugu wa Geita, wa Katoro, wa Kahama na Shinyanga, sisi hatuna haja ya kuelezwa mfano wa dhahabu na shaba. Wengi wenu mnakumbuka wakati mchimbaji alipotoka shimoni na kipande chake kwenye kitambaa, akakutana na mnunuzi aliyekuwa na mizani yake, na bei yake, na haraka yake. Mchimbaji alikuwa na njaa na deni la karasha. Hakujua bei ya dunia ya siku ile. Aliuza kwa kinywa chake mwenyewe, hakulazimishwa. Je, tuliiita haki? La. Tuliiita unyonyaji. Ndiyo maana soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na mengine yakafuata, watu walifurahia kuona mizani mezani na bei inayojulikana na wote. Basi kile tulichokilaumu kwa mnunuzi wa dhahabu, Kanisa litakifanyaje kwa mnunuzi wa boti?

Na hili ndilo jibu langu kwa mtunza hazina wetu, nami nalitoa kwa heshima. Kuitunza fedha ya maskini ni wajibu. Lakini kile ambacho si chetu hatuwezi kukitunza. Tofauti kati ya milioni nne na nusu na milioni nane na nusu ilikuwa ya mjane. Kumwachia isingekuwa sadaka, ingekuwa kutochukua.

Siku iliyofuata nilikwenda kwake na mwenyekiti wa Halmashauri na yule mama wa WAWATA. Tulimweleza yale waliyoyasema mafundi wawili. Nilimwambia pia kwamba parokia haina fedha hizo zote, na kwamba yuko huru kumtafuta mnunuzi mwingine, tungemsaidia kutangaza. Alikaa kimya, halafu akauliza: "Baba, kwa nini mmeniambia?" Nikamwambia kwamba boti ile itakuwa ikibeba Ekaristi, na nisingependa kila nikipanda nikumbuke ada ya watoto wake. Aliomba siku tatu azungumze na wanawe. Tulirudi tukiwa na hofu, sikufichi msomaji. Siku tatu zilitosha kabisa kwa mwenye fedha taslimu kutokea.

Alipotuita, ndiye aliyetupangia masharti. Tulikuwa tumependekeza milioni nane na nusu, sita mara moja na zilizobaki baada ya sadaka ya mavuno. Akasema mavuno yanaweza kuwa mabaya, naye hataki kuwadai watu wa Kanisa. Akataka nane kamili: sita siku ya kukabidhiana, na mbili zimalizwe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tulikubaliana. Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, namba ya boti na ya injini zikaandikwa, kila upande ukabaki na nakala. Nafurahi kusema kwamba mtunza hazina ndiye aliyeuandaa, naye ndiye aliyesisitiza kiwemo kifungu cha kumlinda mjane endapo tutachelewa. Bado ana wasiwasi juu ya deni, na ni vema awe nao. Hadi leo tumepunguza laki nane. Imebaki milioni moja na laki mbili. Laki tano zilizosalia katika mchango wa awali tumezitenga kwa beringi, matairi, majaketi okozi na ada za ukaguzi na usajili wa TASAC. Hesabu yote imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kanisani, kila mmoja aisome.

Neno la mwisho ni juu ya matumizi. Boti hii itabeba watu wasiozidi idadi itakayoandikwa na mkaguzi, na kila mmoja atavaa jaketi, akiwemo paroko na hata Baba Askofu atakapotutembelea. Hatujaisahau MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Hatujaisahau MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi, wakafa zaidi ya 220. Basi nawaomba: nikikataa kumchukua mtu wa saba, msiseme padre hana huruma. Haki tuliyoitafuta katika kununua lazima iendelee majini, maana uhai wa abiria nao hauna bei ya kupatana. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya tufani sitaondoka, hata kama kengele ya kigango imekwisha kulia.

Juma hili, kila mmoja wetu ajiulize mbele ya Mungu: katika yale niliyonunua na kuuza mwaka huu, shamba, ng'ombe, mpunga, pikipiki, kipande cha dhahabu, ni lipi nililolijua na ambalo mwenzangu hakulijua? Je, ningekuwa tayari arudi leo anikute, akiwa amelijua? Na kama kuna cha kurudisha, njia iko wazi, tena si ndefu.

Boti itabarikiwa mwaloni mara baada ya ukaguzi kukamilika. Tarehe itatangazwa katika Jumuiya zote. Wenye uwezo wa kusaidia kumaliza deni la mjane kabla ya Januari wamwone mtunza hazina, wala wasinipe mimi mkononi.

Mama Maria, Nyota ya Bahari, awaombee wote walioko majini na wote walioko mashimoni. Nawatakia juma jema lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko